Jiwe Si Mguu wa Pikipiki

Wafanyakazi wenzetu, nanyi akina mama na vijana mnaosoma ukurasa huu nyumbani, leo hatusemi juu ya kofia ya kazi wala juu ya viatu vya usalama. Leo tunasema juu ya jiwe.

Kila mtu wa Goma anajua jiwe letu jeusi la volkano. Tunajenga nalo msingi wa nyumba na ukuta wa parseli. Tunalikalia tukingojea maji. Tunazuia nalo mlango usipigwe na upepo. Na siku ya yenga, baba wa jamaa akitaka kukaza sheni ya pikipiki yake, analitafuta jiwe hilohilo. Anainamisha pikipiki upande mmoja, analisukuma jiwe chini yake, gurudumu la nyuma linainuka, na kazi inaanza.

Maoni yetu ni haya: jiwe hilo lingeletwa mgodini kushika mzigo unaopita kilo 100, hakuna mfanyakazi ambaye angekubali kuweka mkono wake chini ya mzigo huo. Angemwita mkubwa wa kazi, na mkubwa wa kazi angesimamisha kazi mara moja. Kwa nini basi mkono uleule unawekwa chini ya jiwe lilelile nyumbani? Mfanyakazi hana mikono miwili ya kampuni na mingine miwili ya nyumbani. Vidole kumi anavyotoka navyo langoni jioni ndivyo vidole kumi atakavyorudi navyo kazini asubuhi, au hatarudi navyo vyote.

SHERIA ISIBAKI LANGONI

Kazini tumefundishwa mambo matatu tangu siku ya kwanza. La kwanza: nguzo inatangulia, mtu anafuata. Hakuna anayeingia chini ya mwamba ambao haujashikwa. La pili: jeki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Mzigo ukiisha kuinuka, unawekewa kitu imara cha kuubeba, ndipo mtu anakaribia. La tatu: mashine inayotengenezwa inazimwa, na ufunguo wake unatolewa, ili mtu mwingine asiiwashe mwenzake akiwa na mikono ndani.

Mambo hayo matatu hayakuandikwa kwa kuwa mgodi ni mahali pa ajabu. Yaliandikwa kwa kuwa kitu kizito kikikosa msaada kinaanguka, na kitu kinachozunguka kinashika nguo na nyama. Pikipiki ni nzito, na sheni yake inazunguka. Tena nyumbani hatari imeongezeka, kwa sababu hakuna mkaguzi wa usalama anayepita, hakuna taa nzuri, na watoto wanachezea palepale.

KWA NINI JIWE LINADANGANYA

Jiwe letu ni lava iliyopoa. Lava ikitoka mlimani inakuwa na gesi ndani yake, na gesi hiyo inaacha vitundu vingi jiwe linapoganda. Ndiyo sababu mawe mengine ya Goma ni mepesi kuliko yanavyoonekana. Ukuta unayavumilia, kwa sababu mzigo wa ukuta umeenea juu ya mawe mengi na saruji inayashika. Lakini pikipiki inakalia ncha moja ya jiwe moja. Ncha hiyo inamegeka bila kutoa habari.

Kisha tuangalie pikipiki yenyewe inavyosimama. Ikiwa imeinamishwa juu ya jiwe, inashikwa na vitu vitatu tu: gurudumu la mbele, mguu wa kando, na lile jiwe. Mguu wa kando umetengenezwa hivi: unashuka ukielekea mbele, na unajikunja kurudi nyuma. Maana yake, pikipiki ikisogea mbele kidogo tu, mguu huo unaanza kujikunja wenyewe. Sasa fundi wa nyumbani anashika ufunguo mrefu, anaukandamiza kwa nguvu zote ili alegeze ekru kubwa ya gurudumu la nyuma. Nguvu ile haiishii kwenye ekru. Inasukuma pikipiki yote. Jiwe linateleza, mguu unajikunja, na pikipiki inamlalia mtu aliyechuchumaa, ambaye hana nafasi ya kuruka.

Atakachopata ni nini? Mguu uliovunjika chini ya goti, kidole kilichobanwa kati ya sheni na pinyo, au ngozi iliyochomwa na bomba la moshi ambalo halijapoa. Ni majeraha ya dakika moja. Lakini mtu wa mgodini anaishi kwa mikono na miguu yake, na jamaa nzima inakula kwa mikono hiyo. Vivyo hivyo kwa kijana wake anayechukua watu kwa pikipiki kati ya Birere, Majengo na Ndosho: mguu ukivunjika, sufuria ya nyumbani inapoa.

TUJIBU WANAOPINGA

Kuna wanaosema: "Pikipiki yangu ina mguu wa katikati, sina haja ya kitu kingine." Ni kweli, Boxer na TVS nyingi zinazozunguka mjini hutoka kiwandani na mguu wa katikati. Mwenye nao autumie, tena auheshimu: aangalie springi yake, aangalie kama chuma chake hakijapasuka mahali kilipochomelewa, na aweke ubao mpana chini yake. Lakini wengine wameuondoa kwa sababu unagonga mawe ya barabarani. Na pikipiki za barabara mbaya, kama Yamaha DT 125, hazina mguu huo kabisa. Ile Yamaha AG 100, iliyotengenezwa kwa ajili ya wafugaji na wakulima, ina miguu miwili ya kando, wa kushoto na wa kulia. Ni vizuri kwa kuegesha, lakini hakuna hata mmoja ulioundwa kwa kazi ya kutoa gurudumu.

Wengine wanasema: "Mafundi wa kando ya barabara wanatumia jiwe kila siku, na hawajafa." Tunawajibu kwa heshima. Fundi yule ana macho yaliyozoea, na mara nyingi ana kijana wa kumshikia pikipiki. Hata hivyo mazoea si usalama. Wazee wa kazi wanajua kwamba mwamba hauulizi mtu ametumika miaka mingapi. Jiwe nalo haliulizi.

Wa tatu wanasema: "Feza hakuna." Hilo ndilo neno zito zaidi, na hatulicheki. Lakini kitu tunachokiomba hapa si cha tajiri, wala si lazima kila nyumba iwe na chake. Kimoja kinatosha kwa parseli tatu au nne, kama vile ngazi ndefu inavyoazimwa kati ya majirani.

KISIMAMIO CHA NYUMA NI NINI

Wale wa mashindano ya pikipiki wanakijua tangu zamani. Ni chuma chenye umbo la herufi U, chenye magurudumu madogo mawili, mikono miwili ya kupokea pikipiki, na mshikio mrefu nyuma. Kinaingizwa nyuma ya pikipiki, mikono yake ikikaa chini ya kile chuma chenye matawi mawili kinachobeba gurudumu la nyuma, kulia na kushoto kwa wakati mmoja. Mtu anakandamiza mshikio hadi chini, na gurudumu linainuka sentimita chache kutoka ardhini.

Siri yake ni moja: mikono ikiisha kupita ile nafasi ya wima, uzito wa pikipiki wenyewe ndio unaokikandamiza kisimamio kikae chini. Kwa jiwe, kadiri mzigo unavyosukumwa ndivyo linavyotaka kukimbia. Kwa kisimamio kilichotengenezwa vema, mzigo ndio unaokifunga.

Fundi wa kuchomelea chuma anaweza kukitengeneza kwa bomba nene, mradi umpelekee pikipiki yako apime upana wake. Usimpe vipimo vya kukisia. Mwambie mambo manne. Miguu ya chini iwe na upana kuliko mikono ya juu. Mikono iwe na vikombe au ndoano, ili pikipiki isiteleze kwenda pembeni. Vikombe vivishwe mpira uliokatwa kutoka gurudumu la zamani. Na kila mahali pa kuchomelea pachomwe kuzunguka, si kwa nukta mbili tatu. Kabla ya kukiamini, kiinulie pikipiki, simama mbali, uitikise kidogo, uone.

Na tusiidharau mbao. Mji huu ndio mji wa chukudu. Sanamu yake imesimama kwenye rond-point Tchukudu watu wote waione. Mafundi wetu wanachonga chukudu kwa mti, kama vile mkalitusi, nayo inabeba mamia ya kilo za makala, viazi na saruji juu ya mawe ya lava. Mafundi wa namna hiyo hawashindwi kuchonga kitako kizito cha mbao kinachopokea pikipiki kulia na kushoto. Kitako cha mbao pana kilichopigwa bulo ni bora mara mia kuliko jiwe moja chini ya upande mmoja.

NAMNA YA KUKITUMIA

1. Chagua mahali tambarare. Kama parseli yako ni lava tupu, tandika ubao mpana na mnene, nao ukae bila kucheza.

2. Zima moteri, toa ufunguo, utie mfukoni mwako. Usiuache kwenye pikipiki hata kwa dakika moja. Ngoja bomba la moshi lipoe.

3. Legeza ekru kubwa ya gurudumu la nyuma pikipiki ikiwa bado chini, magurudumu yote mawili yakikanyaga ardhi. Kazi ya nguvu ifanyike kabla ya kuinua. Wengi hulisahau neno hili, nalo ndilo linaloangusha pikipiki nyingi.

4. Funga freni ya mbele kwa ukanda wa mpira wa ndani wa gurudumu, ukizungushwa kwenye mshikio wa freni mara kadhaa. Kisha weka mawe mawili, moja mbele na moja nyuma ya gurudumu la mbele. Hapa ndipo jiwe letu la Goma lina kazi yake. Jiwe linajua kuzuia, halijui kubeba.

5. Muwe watu wawili. Mmoja asimame kushoto, ashike usukani na kiti, aisimamishe pikipiki wima. Wa pili aingize kisimamio, ahakikishe kwamba mikono yote miwili imegusa mahali pake, ndipo akandamize. Mguu wa kando uachwe umeshuka, uwe mlinzi kama mengine yote yakishindwa.

6. Sheni isafishwe na kutiwa mafuta kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono, polepole, moteri ikiwa imezimwa. Tunarudia: moteri ikiwa imezimwa. Kuna vijana wanaotia vitesi, wanaacha gurudumu lizunguke, kisha wanashika sheni kwa kitambaa. Kitambaa kinavutwa, na kidole kinafuata kitambaa. Pinyo haina huruma.

7. Sheni ipimwe katikati ya urefu wake wa chini. Kwa pikipiki ndogo nyingi za mjini, vitabu vya viwanda vinataka icheze juu na chini kati ya sentimita 2 na 3 hivi. Zile za barabara mbaya zinataka zaidi. Fuata kitabu cha pikipiki yako. Alama za kulia na za kushoto zilingane, gurudumu lisiende upande. Sheni iliyokazwa kupita kiasi inakula pinyo na inaweza kukatika njiani.

8. Teremsha pikipiki kwanza, watu wawili tena, ndipo ukaze ekru kubwa kwa nguvu ya mwisho. Jaribu freni ya nyuma kabla ya kuondoka.

Jambo moja lieleweke: kisimamio hiki kinashika kile chuma kinachobeba gurudumu. Kwa hiyo ni cha kazi ya sheni, gurudumu, mpira na freni ya nyuma. Hakifai kwa kufungua amotisa au kutoa chuma hicho chenyewe. Kazi hizo zipelekwe kwa fundi mwenye vyombo.

ARDHI YETU INATIKISIKA

Mtu wa mji mwingine anaweza kuacha pikipiki yake juu ya kisimamio wiki nzima. Sisi hatuwezi. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliingia hadi katikati ya mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena, na kwa siku nyingi baadaye ardhi ilitikisika mchana na usiku hata kuta zikapasuka. Tarehe 27 Mei mwaka huohuo wakuu waliamuru watu wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji waondoke. Watu walikimbia kuelekea Sake, Rutshuru na kwingineko, wengi kwa miguu, wengine watu wanne juu ya pikipiki moja.

Tujiulize: siku ile, pikipiki iliyokuwa juu ya mawe, gurudumu limetolewa, bulo zimetawanyika, ilimsaidia nani? Na pale ardhi ilipotikisika, iliyokuwa imeegemea jiwe ilimwangukia nani? Kwa sababu hiyo tunasema: kazi inayoanza asubuhi iishe kabla ya giza. Usilale pikipiki ikiwa juu ya kisimamio. Kama kipande cha kununua kimekosekana, rudisha gurudumu la zamani, shusha pikipiki, ungojee. Na ardhi ikitikisika ukiwa kazini, usijaribu kuishika pikipiki isianguke. Ondoka. Chuma kinatengenezwa, mtu hatengenezwi.

MAMA ANAYO HAKI YA KUSIMAMISHA KAZI

Mgodini, mfanyakazi yeyote akiona hatari anapaswa kupaza sauti na kazi isimame, hata kama yeye ni mdogo kwa cheo. Nyumbani haki hiyo tumpe mama. Akiona pikipiki juu ya jiwe, aseme, "Baba wa watoto, simamisha kazi kwanza," na baba asimamishe bila kununa. Si kumdharau baba. Ni kuutetea mkono wake.

Mama naye ana mawili ya kuangalia. Watoto wadogo wakae mbali, hatua tano kamili. Mtoto anapenda kuzungusha gurudumu, naye haoni meno ya pinyo. Na mbabula yenye makala isiwe karibu, kwa sababu pikipiki ikianguka, esanse inamwagika, nayo mvuke wake unafika kwenye moto kabla ya mtu kufika.

Ajali ikitokea, tusipoteze akili. Kidole kilichoshikwa kisivutwe kwa nguvu. Gurudumu lirudishwe nyuma polepole kwa mkono. Jeraha linalotoka damu likandamizwe kwa kitambaa safi, mkono uinuliwe juu, pete itolewe mapema kabla ya kuvimba. Kipande cha kidole kilichokatika kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko huo uwekwe katika maji baridi, kisha kiende hospitalini pamoja na mgonjwa. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi dakika 20. Asipakwe mafuta, wala dawa ya meno, wala esanse.

TUNACHOOMBA

Hatumalizi kwa kuwaonya wafanyakazi peke yao. Kampuni inayowafundisha watu usalama mchana inaweza kuwasaidia kuwa salama jioni. Tunaomba atelie itengeneze visimamio vichache kwa vipande vya bomba vinavyobaki, vikaguliwe na mkuu wa usalama, na vikae kwa magazinie. Mfanyakazi akiandika jina lake Jumamosi, achukue, Jumatatu arudishe. Vyuma hivyo ni vya gharama ndogo kuliko siku za kazi zinazopotea kwa mguu mmoja uliovunjika, bila kuhesabu machozi ya nyumbani.

Wakati tukingoja, kila mmoja aangalie parseli yake. Lile jiwe lenye alama nyeusi ya mafuta ya sheni, unalijua liko wapi. Lirudishe ukutani.